Sura ya Tisa: Pale Fedha Ilipokataa Kupita

Vifungo kumi na viwili vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cha kijani, kila kimoja na ukubwa wa kizibo cha soda, na vyote vilikuwa havifai. Kapteni Orathai aliviangalia akingoja vimstue. Havikumstua. Siku kumi na moja zilizopita alikuwa ameuchoma mwili wa marehemu mama yake hekaluni, na tangu hapo kila kitu kilimpitia kwa mbali: chakula, maiti, joto la Aprili, uso wake mwenyewe kwenye kioo. Alikula akipewa, akalala akiambiwa. Kazi ndiyo iliyoendelea yenyewe, kama feni iliyosahauliwa kuzimwa.

"Kimoja kikivuja, ni bahati mbaya," alisema Daktari Kritsada, mkuu wa karakana. Alikuwa mtu mnene, na shingo yake aliipaka poda ya vipele vya joto hadi ikawa nyeupe pe. "Viwili vikivuja, ni uzembe. Kumi na viwili vikivuja, tena mahali pale pale, huo ni mkono wa mtu. Na mtu mnaye."

"Tunaye mshukiwa," alisema Orathai.

"Kesho saa nne asubuhi faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi mnaye mtu."

Sajini Thanom, aliyekuwa mlangoni akijipepea kwa daftari lake, alicheka kwa pua. Hakumpenda daktari huyu tangu Jumatatu, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Kazi ya vifungo vile ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Katika pete kubwa ya kituo cha utafiti kilichomiliki karakana ile, elektroni huzunguka ndani ya bomba lililonyonywa hewa yote, na vifungo hupachikwa ubavuni mwa bomba ili kuonyesha mwale wa elektroni hizo unapita wapi, usije ukayumba na kugonga ukuta. Kila kifungo kina chuma katikati, kauri nyeupe ikikizunguka, na chuma kingine nje. Sasa chuma na kauri havipatani. Ukivipasha moto, kimoja kinatanuka kuliko mwenzake, na vikipoa kila kimoja kinavutia kwake. Kinachovisuluhisha ni pete nyembamba ya fedha iliyochanganywa na shaba, inayoyeyushwa tanurini ikapenya kwenye upenyo ambao jicho halioni. Fedha ikizunguka kote, hewa haipiti miaka hamsini. Ikiacha pengo la ncha ya sindano, kifungo ni cha kutupa. Pete ya kituo ilikuwa imezimwa kungoja vifungo hivi, na kauri zake zilikuwa zimengojewa miezi kumi na minne. Sasa vifungo hakuna, na kauri hakuna.

Mtu aliyekuwa anasemwa ni Saengdao, fundi wa tanuri, mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye nusu ya umri wake ameumalizia pale. Kumbukumbu za mlango zilionyesha kadi yake ikifungua karakana Jumapili asubuhi na mapema, siku ambayo hakuna mtu kazini, vifungo vikiwa tayari vimepangwa kwenye ubao wao kungoja moto wa Jumatatu. Jumatatu akawasha tanuri yeye mwenyewe. Alhamisi vyote vikavuja. Isitoshe, miezi mitatu kabla ya hapo alinyimwa cheo cha fundi mkuu. Kuhujumu mali ya serikali si kosa la kuonywa, ni kosa la kufungwa miaka. Na kila alipoulizwa ile Jumapili alifuata nini, alinyamaza. Aliulizwa mara saba, akanyamaza mara saba.

"Mlete," Orathai alimwambia Thanom.

Saengdao aliingia, akavua viatu, akaunganisha viganja kifuani kusalimu, mbele ya Orathai, kisha mbele ya Daktari Kritsada. Daktari aligeuka akatazama dirisha.

"Nifundishe kazi, dada," alisema Orathai. "Nifanye mwanafunzi wa siku ya kwanza."

"Mwanafunzi wa siku ya kwanza anaosha, afande. Anaosha hadi achoke, halafu anaosha tena. Jasho la kidole kimoja linatosha kuharibu." Sauti ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Halafu unapanga. Chuma, pete ya fedha, kauri, chuma. Kwa kibano, si kwa mkono. Unafunga tanuri, unanyonya hewa, unapandisha moto polepole. Ukifika nyuzi mia saba na themanini fedha inayeyuka na kukimbia yenyewe."

"Inakimbilia wapi?"

"Inakokaribishwa. Fedha ina adabu zake, haiingii pachafu."

"Na hivi vilikuwa vigumu kuliko vya zamani?"

"Vigumu sana. Kauri ni ndogo mno. Majaribio mawili ya kwanza zilipasuka wakati wa kupoa, tukabadilisha mwendo wa moto. Safari hii hazikupasuka hata moja." Alisema hilo la mwisho kwa namna ya fahari, halafu akakumbuka alipo.

"Lakini fedha haikukaribishwa."

"Hapana, afande."

"Nani aliyeifungia mlango?"

Saengdao aliangalia vidole vyake.

"Dada Saengdao, kesho saa nne si mimi tena nitakayekuuliza. Atakuuliza mtu mwingine, na huyo hana haja ya kukuelewa. Una mtu nyumbani?"

"Binti. Nimempeleka kwa dada yangu."

"Jumapili ulifuata nini hapa?"

"Andikeni tu, afande."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Orathai alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi na alijua kuwa si kila mnyamavu anaficha dhambi yake. Mwongo huwa na maneno ya akiba. Huyu mama hakuwa na hata moja, na hakuwa akilitafuta.

Kifungo kimoja kilikuwa kimekatwa vipande viwili na kuwekwa chini ya hadubini. Orathai aliinama. Fedha ilionekana iking'aa, imezunguka kauri vizuri, kisha ghafla ikakoma, ikajikunja ukingoni kama maji yanavyokwepa mafuta, halafu ikaendelea mbele. Pale ilipokoma hapakuwa na kitu. Aliisogeza taa imulike kwa ubavuni. Ndipo alipoona, nyeupe juu ya nyeupe, vitone vitatu vilivyokaribiana, vidogo kuliko punje za ufuta, vimekaukia juu ya kauri.

"Vingine vyote viko hivi?"

"Vyote nilivyovikata," alisema Kritsada. "Vitatu, vitatu, vitatu."

"Wewe ungetaka kuharibu, ungefanyaje?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Daktari alijifuta jasho, na poda ikatoka na leso. "Ningepaka duara zima kwa brashi. Ni kazi ya nusu dakika."

"Basi kwa nini huyu ameweka vitone? Tena vitatu?"

"Mwulizeni yeye."

Simu ya Thanom ililia. Aliongea kidogo, akakunja uso, akamvuta Orathai pembeni.

"Maabara. Ni chokaa, afande. Chokaa tupu."

"Mbona umenuna?"

"Nilikuwa nataka iwe ile poda ya shingoni kwa daktari. Jumanne nilimpangusia kiti chake kwa karatasi nikaipeleka nayo. Wanasema ile ni kitu kingine kabisa, haina hata chembe ya chokaa." Alishusha sauti zaidi. "Huyu ndiye aliyetaka vifungo vinunuliwe ng'ambo, afande. Karakana ikishindwa, yeye ndiye anayeambiwa 'ulisema kweli.' Nilikuwa nimeshamtafutia pingu za saizi yake."

"Zirudishe."

Lakini Kritsada alikuwa na masikio. "Chokaa?" alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Afande, kesi yako imekwisha. Zamani karakana hii ilizuia fedha kwa chokaa. Kuna sehemu hutaki fedha ifike, si ndiyo? Basi walichukua ule udongo mweupe wa sokoni, wakauchanganya na maji, wakapaka pale, na fedha haivuki. Ushamba mtupu. Mimi nikaupiga marufuku miaka sita iliyopita nikaleta rangi ya kopo, ambayo chokaa haimo. Wanaoijua dawa ile ya zamani wamebaki wawili tu hapa. Mwalimu Prayong, aliyestaafu Januari. Na huyu."

Lilipotajwa jina la Mwalimu Prayong, Saengdao aliinua kichwa. Alikiinamisha mara moja, lakini Orathai alikuwa ameshaona. Mwanamke huyu alikuwa ametajiwa jela, mashtaka na binti yake, na hakuinua kichwa kwa lolote kati ya hayo.

Orathai alitembea hadi kwenye tanuri. Lilikuwa pipa kubwa la chuma lenye mlango mzito, na juu ya mlango, kama kwenye kila mashine yenye heshima nchini, palikuwa na vitone tisa vya udongo mweupe vilivyowekwa na mkuu wa hekalu siku ya kulizindua, na kipande cha karatasi ya dhahabu. Miaka ya joto ilikuwa imevigeuza vitone rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Chini yake kidogo palikuwa na vitone vingine. Hivi vilikuwa vitatu, na vilikuwa vyeupe kama wali.

Alikikwaruza kimoja kwa ukucha. Unga ulimwagika.

"Hivi viliwekwa lini?"

"Siku ya uzinduzi," alijibu Kritsada bila kuangalia.

"Hivyo ni tisa. Nauliza hivi vitatu."

Daktari alisogea. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi si mtu wa mambo hayo," alisema mwishowe.

"Hakuna aliyekuja hapa kuharibu," alisema Orathai. "Mtu alikuja kubariki. Alilibariki tanuri, halafu akavibariki vifungo, kimoja kimoja. Na udongo wa baraka ndio udongo ule ule wa kuzuia fedha."

Thanom aliacha kujipepea. "Yaani vimeuawa kwa dua?"

"Upuuzi," alisema Kritsada. "Saengdao anajua chokaa inafanya nini. Angewezaje kupaka chokaa kwenye njia ya fedha halafu aite baraka?"

"Hapo ndipo na mimi ninapokwama. Anayejua hawezi kupaka. Asiyejua hawezi kufungua mlango." Alimgeukia Saengdao, ambaye sasa alikuwa anabubujikwa na machozi bila sauti, akiyaacha yashuke tu. Orathai alijua kuwa mbele ya machozi hayo alipaswa kuhisi kitu. Akachukua kofia yake. "Thanom, twende getini."

Mlinzi wa geti alikuwa Mjomba Lue, mzee mkavu aliyekaa kwenye kibanda na redio ndogo na chupa tatu za soda nyekundu ya sadaka alizokuwa ametoka kuziondoa kwenye kinyumba cha mizimu ili aweke nyingine. Alisimama, akaunganisha viganja, akakipangusa kiti chake na kukitoa. Orathai hakukaa.

"Mjomba, Jumapili ile nani aliingia karakana?"

"Saengdao. Nimemwandika, saa kumi na mbili na dakika tano."

"Akatoka?"

"Akatoka mara moja kwenda kununua kuku wa kuchoma na wali wa kunata, pale kwa mama wa kona. Akarudi."

"Na mifuko mingapi?"

Mjomba Lue alifikiri. "Miwili."

"Ni mwanamke mwembamba sana kwa mifuko miwili."

"Mimi nakula mitatu," alisema Thanom.

"Wewe si mfano. Mjomba, mfuko wa pili ulikuwa wa nani?"

"Wa Mwalimu, usio na pilipili. Tumbo lake siku hizi halitaki pilipili."

"Mwalimu nani?"

"Mwalimu Prayong. Si alikuwa ndani? Walikuja pamoja."

Orathai alilichukua daftari la geti, akalifungua siku ya Jumapili, akamwonyesha. Palikuwa na jina moja. "Mbona hukumwandika?"

Mjomba Lue alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakupekua mfuko wa mtawa. "Mwalimu haandikwi, afande. Amepita hapa miaka thelathini na minne. Nani atamnyooshea Mwalimu kalamu amwambie tia sahihi?"

"Alibeba nini?"

"Bakuli dogo la shaba, limefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa ametoka hekaluni."

Thanom aliandika. Orathai alirudi karakana, akamwambia Saengdao avae viatu na apande gari.

"Tunakwenda wapi, afande?"

"Unajua tunakokwenda."

Wakati ule ndipo mwanamke aliyenyamaza mara saba alipopata maneno. Alimshika Orathai mkono, jambo ambalo mtu hamfanyii polisi, na hakuonekana kujua kuwa ameushika. "Nitatia sahihi. Andika nilifanya mimi. Andika makusudi, andika chuki, andika chochote unachotaka. Usiende kwake."

"Ingia garini, dada, kisha uniambie."

Alimwambia. Gari lilikuwa halijatoka getini.

Mwalimu Prayong ndiye aliyemfundisha kushika kibano. Jumamosi ile alimpigia simu akamwomba ampeleke akaliage tanuri, maana siku ya kustaafu palikuwa na hotuba nyingi na hakupata nafasi. Kadi yake alikuwa amesharudisha, hivyo akafungua kwa kadi ya Saengdao. Alisema kauri hizi ndogo zimewashinda mara mbili, anataka kumwachia mwanafunzi wake bahati. Saengdao alidhani anazungumzia mlango wa tanuri. Akaenda kununua chakula. Aliporudi, Mwalimu alikuwa anaufunika upya ubao wa vifungo kwa kitambaa chake, taratibu, kama kawaida yake.

"Jumatatu ukafunua."

"Nikafunua, nikaviingiza."

"Hukukagua?"

"Kazi iliyopitiwa na mkono wa Mwalimu?"

"Mwalimu mwenyewe hakuwepo, dada. Ulikuwa peke yako. Nani angekuona?"

"Mkono wake ulikuwepo," alisema Saengdao. "Sisi hatukagui nyuma ya Mwalimu. Sijui nyinyi polisi mnafanyaje."

Thanom, kwenye usukani, alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka cheo chake akaacha.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi vilipovuja. Nilikata kimoja, nikaona. Nikaenda moja kwa moja kwake nimwulize, nikiwa na hasira, afande, nakiri, nilikuwa na hasira. Akanikaribisha chai. Akauliza hali ya binti yangu. Halafu akaniomba Jumapili ijayo nimpeleke akaliage tanuri, kwa sababu tangu astaafu hajapata nafasi."

Thanom aliendesha polepole hadi wakalipita soko.

Nyumba ya Mwalimu Prayong ilikuwa ya mbao, safi, na kwa kuwa alikuwa mjane asiye na mtoto palikuwa na viatu vya mtu mmoja mlangoni. Orathai aliingia akaona karatasi. Zilibandikwa ukutani kwa usawa wa macho, kwa herufi nadhifu za fundi. ZIMA GESI. DAWA YA ASUBUHI: ANGALIA KISANDUKU, USIKISIE. MAJI YA MBWA. Juu ya simu: SAENGDAO, MWENYE MKOBA WA BULUU, MWAMINI.

Orathai mwenyewe aliwahi kuandika karatasi za namna hiyo. Aliandika kwa miaka miwili, kwenye jokofu la mama yake, na ya mwisho ilikuwa na jina lake mwenyewe na maneno "huyu ni mwanao." Alisimama mbele ya ukuta akingoja uchungu uje sasa, mahali hapa panapostahili. Haukuja. Ilikuja tu kazi, na hatua inayofuata.

"Karibuni, karibuni," alisema Mwalimu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwenye shati lililopigwa pasi. "Saengdao, umeleta wageni na hukuniambia nichemshe maji. Ni polisi hawa? Umegonga pikipiki ya mtu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua," alisema Orathai. "Tuna kitu tunataka utusomee." Akaweka mezani kile kifungo kilichokatwa.

Mzee alivaa miwani. Hakukigusa kwa mkono. Alifungua droo, akatoa kibano, akakiinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, na mikono yake, ambayo muda mfupi kabla ilihangaika kutafuta vikombe, ikatulia tuli.

"Nani amekata hiki? Amekata kama anakata muhogo."

"Daktari Kritsada."

"Nilijua. Haya. Joto lilitosha, ona fedha inavyong'aa huku. Hewa ilinyonywa vizuri. Kauri haikupasuka, yaani mwendo wa moto ulikuwa mzuri, mzuri sana. Aliyeendesha tanuri ni fundi kweli." Alimtupia jicho Saengdao. "Sasa hapa imekoma. Ingekuwa mafuta ungeona weusi. Hakuna weusi. Hii ni chokaa."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Binti yangu, fedha nimeizuia kwa chokaa kabla wewe hujajua kutembea. Ukiipaka, fedha haivuki hata uiombe kwa magoti." Alikisogeza karibu zaidi. "Na imewekwa njiani kabisa. Hii haikudondoka, hii imewekwa. Mpumbavu gani amefanya hivi? Vilikuwa vingapi?"

"Kumi na viwili. Vyote."

"Vyote!" Alikiweka kifungo mezani kwa upole. "Mmemkamata?"

"Tumemkamata Saengdao. Kesho anashtakiwa."

"Mna wazimu? Huyu nimemfundisha mimi! Huyu atasahau jina lake kabla hajasahau chokaa. Mtafuteni mwenyewe, na mkimpata, asishike kibano tena maisha yake. Mwambieni nimesema mimi."

Saengdao alikuwa ameinamia sakafu. Thanom alitoka nje, akasimama na mbwa.

"Mwalimu," alisema Orathai, "Jumapili ile kabla ya moto, ulikwenda karakana asubuhi, ukitoka hekaluni."

Mzee alicheka. "Sijakanyaga karakana tangu Januari. Muulize huyu. Ndiyo kwanza namwomba anipeleke."

Kwenye rafu ya kuabudia, kati ya mishumaa na picha ya marehemu mkewe, kulikuwa na bakuli dogo la shaba. Orathai aliunganisha viganja, akaliteremsha kwa mikono miwili, akaliweka mezani kando ya kifungo. Ndani, udongo mweupe ulikuwa umekauka na kupasuka pasuka.

Mwalimu aliangalia bakuli. Aliingiza kidole, akavunja kipande, akakisaga polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyofanya miaka thelathini kupima kama umechekechwa vya kutosha. Kichwa hakikukumbuka, ila vidole viliujua udongo, na vilikuwa vinamjulisha. Kisha akaangalia kifungo. Kisha ukuta wenye karatasi, moja baada ya nyingine, kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine.

"Saengdao," alisema. "Ulijua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukakaa kimya."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ungekwenda jela?"

Saengdao alisogea, akapiga magoti mbele yake. Mzee aliunyoosha mkono wake mweupe kwa udongo, akauweka juu ya kichwa cha mwanafunzi wake, akauacha pale.

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga kabisa." Kisha akageuka. "Afande, una kalamu? Andika kwamba ni mimi, andika na jina langu lote, nitie sahihi. Usingoje chai. Nikishakunywa chai nitakuambia tena sijakanyaga karakana, na nitakuwa naapa kweli."

Orathai alifungua daftari, akatafuta ukurasa mtupu.

"Upesi, binti," alisema Mwalimu Prayong. "Bado nakumbuka."